Kitu Kimoja kwa Saa Nzima

Hotuba kwa walimu, wazazi na wazee, Moroto, Karamoja, Uganda

Wazee wetu, wazazi, walimu wenzangu, maafande mliotoka kambini, jamaa zetu wa Amudat, nanyi mliovuka mpaka kutoka upande wa Turkana; na wanafunzi mliobanana kule nyuma chini ya mwarobaini: ejoka.

Nimeombwa nizungumze juu ya makumbusho ya kanda na kazi yake kwa shule na kwa jamii. Nitazungumza Kiswahili. Najua vikao vya elimu hapa kwetu huendeshwa kwa Kiingereza, na baadhi ya walimu wameshanikunjia uso. Lakini nikitazama mikeka hii namwona Mkarimojong, Mpokot, Mturkana, Mgisu mwenye duka la simenti na askari mzaliwa wa Mbarara. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Soko la Moroto lilikuwa limeshakifanya hivyo siku nyingi.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa Senior Two kwenye makumbusho fulani, mbali na hapa, jina lake nitalimeza. Wazazi walichanga, wengine wakauza kuku. Tuliondoka saa nane za usiku, basi likatuharibikia njiani, tukafika zimebaki dakika chache wafunge. Kijana aliyetupokea alitembea mbele kama anayefukuza mbuzi shambani: pita huku, usiguse, usisimame hapo. Na watoto hawakusimama. Walinakili maandishi ya vibao bila kuinua macho kutazama kitu chenyewe, kwa sababu mimi, mwalimu wao, niliwaambia kila mmoja arudi na ripoti ya kurasa mbili.

Nilisahihisha ripoti 43. Zote zilikuwa ripoti moja. Ila mtoto mmoja, chini kabisa ya ukurasa wa pili, aliandika kwa penseli: "Mwalimu, kiti cha babu yangu wamekifungia kwenye kioo. Mbona babu bado yuko hai?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa alama sawa na wenzake nikafunga daftari. Lakini swali lile halikufunga. Mtoto alikuwa ameona jambo ambalo mimi mwenye diploma sikuliona: tulikuwa tumemfundisha kwamba kitu kikishaingia makumbusho basi wenyewe wamekwisha. Babu yake alikuwa manyatani jioni ile ile, amekalia kiti kile kile, anasubiri ng'ombe warudi.

Sasa niwaambie nilivyopata jibu, maana sikulipata kitabuni.

Muhula uliofuata hatukuwa na nauli ya kwenda popote. Nikawaambia wanafunzi walete vitu kutoka nyumbani, kila mmoja kimoja, tuvipange kwenye meza darasani tuandike vibao. Vikaja: vibuyu vya maziwa, shanga, kengele ya ng'ombe, ngozi, upinde, na ekicholong tatu. Kwa wageni wetu, ekicholong ni kile kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, ambacho mwanamume hutembea nacho mkononi kila aendako. Wanafunzi wakaandika kibao: KITI CHA ASILI CHA WAKARIMOJONG. Nikakipitisha, herufi zilikuwa nzuri.

Shule yetu ilikuwa na mlinzi wa lango, mzee mmoja mkimya. Watoto walimjua kwa funguo zake tu. Siku hiyo mvua ilianza, akaingia darasani kujikinga, akasimama mbele ya meza. Akauliza kilichoandikwa. Msichana mmoja akamsomea, akamtafsiria. Mzee akacheka, akasema, "Hiki si kiti."

Akakichukua. Kwanza alikigeuza, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo, pale mbao ilipong'aa kwa mafuta ya ngozi ya mtu, akasema mwenye hiki hutumia mkono wa kushoto. Mvulana aliyekileta akaruka: kweli, baba yangu ni wa kushoto! Kisha mzee akalala chali sakafuni, pale pale kwenye vumbi la chaki, akaweka ekicholong chini ya shingo. Si chini ya kisogo: chini ya shingo, nyuma ya sikio kidogo. Akawaeleza kwamba zamani mwanamume akishasukwa nywele zake kwa udongo na kupakwa rangi, kazi ile haiwezi kulaliwa chini, itavunjika. Kwa hiyo kichwa hukaa juu hewani usiku kucha. Halafu akaonyesha miguu miwili ya kile kigoda. "Mnajua kwa nini haikuwa minne?" Kimya. Akafumba macho, akajifanya anakoroma, kichwa kikalegea, kigoda kikaanguka upande, akashtuka, akakaa. "Kwa sababu mchungaji akilala fofofo, ng'ombe wanakwenda."

Darasa lile lililipuka. Mzee akabaki amekaa sakafuni anapangusa chaki, amestaajabu kwamba jambo dogo namna ile linaweza kuwafurahisha watu wanaosoma Kiingereza.

Kipindi kilikwisha, hakuna aliyetoka. Wakamuuliza mti gani, nani huchonga, kwa nini wanawake hawabebi, kikivunjika kinatupwa wapi. Saa nzima, kitu kimoja. Na mimi nilikaa kwenye dawati la nyuma, nikifikiri kwamba mtu huyu alinifungulia lango kila asubuhi kwa miaka sita.

Hili ndilo nililokuja kusema. Makumbusho ya kanda yatazisaidia shule zetu siku ambayo mwenye kitu atasimama karibu na kitu chake, akapewa saa nzima, na akalipwa. Mengine yote ni majengo.

Wala si wazo jipya. Makumbusho ya taifa yalianza mwaka 1908 katika Ngome ya Lugard, Old Kampala. Wakoloni walikuwa wamewaagiza maofisa wao wakusanye vitu, na kwa kuwa vingi vilikuwa vya ibada na uganga, Waganda wakaipa nyumba ile jina lao: Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi. Nani angemleta mtoto wake kwenye nyumba ya hirizi? Vitu vilikuwamo, wenyewe wamebaki nje, wanapita mbali. Lakini tazameni kilichokuja kutokea. Msimamizi wa miaka ya 1950 alikuwa Klaus Wachsmann, Mjerumani kwa kuzaliwa, mtu wa muziki. Makumbusho yalipohamia Kitante, huko huko Kampala, mwaka 1954, ngoma na zeze hazikuwa za kutazamwa tu. Kulikuwa na Evaristo Muyinda, mpigaji aliyewahi kupiga muziki katika jumba la Kabaka, ameajiriwa kuvipiga na kuwafundisha wageni. Mtoto akiingia hakusoma kibao kinachosema "amadinda, vipande 12 vya mbao." Alisikia. Muyinda alikuwa kwenye orodha ya mishahara. Nasisitiza hapo, waheshimiwa wa halmashauri mliokaa mbele.

Leo serikali ina makumbusho Soroti, Kabale na hapa kwetu Moroto, mbali na yale ya Kampala. Kuna pia makumbusho ya jamii, ya watu binafsi na koo, na vilabu vya urithi mashuleni ambavyo shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limekuwa likivisaidia. Hatuanzi na mikono mitupu.

Na shule nazo zinahitaji. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye mradi, siyo kukariri. Sote tunajua miradi hiyo inafanyika vipi: mtoto anakwenda kwenye duka la fotokopi, mwenye duka anamchapia kitu kutoka kwenye intaneti, elfu mbili, mwalimu anasaini. Huku chini msingi, darasa la nne wanasoma wilaya yao, na mwalimu anachora ramani ya wilaya ubaoni wakati mlima wenyewe uko dirishani.

Chukueni kibuyu cha maziwa. Mwalimu wa hisabati: waache wakisie kinaingia vikombe vingapi, kisha wamimine maji wahesabu, umbo lile halina kanuni kwenye kitabu, itabidi wafikiri. Mwalimu wa sayansi: ni kwa nini mama hukifukiza kibuyu kwa moshi kabla ya kutia maziwa? Na jamaa zetu Wapokot, kina mama mko hapa, ninyi mnakwenda mbali zaidi. Mnachoma mti mnaouita cromwo, mnasaga majivu yake, mnayachanganya na maziwa yaliyoganda mpaka yanakuwa ya kijivu. Mgeni akiona anadhani yamechafuka. Sasa leteni karatasi ya litmasi darasani. Maziwa yaliyochacha ni asidi, majivu ni besi. Mtoto anaona rangi inavyobadilika kwa macho yake, tena kwenye maziwa ambayo nyanya yake ameyatengeneza tangu kabla shule haijajengwa. Nimemwona mwalimu wa kemia aliyekuwa hajafundisha kwa vitendo miaka miwili, kisa maabara haina vifaa. Vifaa vilikuwa vinauzwa sokoni Amudat, tena vinanywewa.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna shule ya Kampala inayoweza kutushinda nacho: mawe na mifupa. Mlima Moroto na Napak zilikuwa volkeno. Majivu yake yaliwafunika wanyama wa zamani, yakaitunza mifupa yao. Mwaka 2011 Martin Pickford na Brigitte Senut, watafiti kutoka Ufaransa, walitangaza fuvu la kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa lililopatikana Napak, la miaka kama milioni 20. Na hapa Moroto kuna kiumbe mwingine wa jamii hiyo, waliyempa jina la mji wetu, Morotopithecus. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya mahali alipoishi, na naomba walimu wa baiolojia wausikilize, kwa sababu umegeuza kitabu tunachofundishia.

Zamani tuliambiwa kwamba mababu wa nyani wakubwa walinyoosha mgongo ndani ya msitu mnene, wakining'inia kufikia matunda kwenye ncha za matawi. Watafiti wakaja wakapima udongo wa kale wa Moroto, wakapima meno. Wakakuta hapakuwa na msitu mnene hapa miaka milioni 21 iliyopita. Palikuwa na miti iliyoachana, nyasi katikati, na kiangazi. Yule kiumbe alikula majani, alikuwa na mgongo ulionyooka na mifupa ya paja mifupi yenye nguvu. Nilipowasomea hayo wanafunzi wangu, mvulana mmoja mchungaji akasema, "Kumbe naye alikuwa anajua kiangazi." Kile ndicho nilichokuwa nataka. Mtoto wa Karamoja aliyezoea kuambiwa kwamba ardhi yake ni kavu, haina kitu, anakuta dunia nzima imekuja kuuliza ardhi hiyo kavu swali.

Nakala za plasta za mifupa hii hazivunji benki. Sanduku moja la mbao lenye nakala ya taya, jino, kipande cha lava na picha linaweza kufungwa nyuma ya bodaboda likaenda Nakapiripirit wiki hii, Kaabong wiki ijayo. Shule isiyoweza kwenda makumbusho, makumbusho yaiendee. Basi la shule ni shilingi nyingi. Bodaboda ni chache.

Sasa nifike mahali pagumu kidogo.

Siku moja mtoto wa darasa la sita, baada ya kutazama mikuki na ngao, aliniuliza: "Mwalimu, bunduki iko wapi?" Wenzake wakacheka, mimi sikucheka. Alikuwa sahihi. Ukionyesha mkuki peke yake umemdanganya mtoto aliyelala usiku ule akisikia risasi. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, wanajeshi waliikimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha likabaki, na watu wakabeba. Ng'ombe waliokuwa wakichukuliwa kwa mikuki wakaanza kuchukuliwa kwa bunduki za kivita, na mambo ambayo wazee walikuwa wakiyamaliza kwenye akiriket, baraza lao la chini ya mti, yakazidi uzito wa wazee. Kuna watu hapa leo waliofiwa kwa ajili hiyo, wa pande zote, na nimewaona mnatazama chini. Sisemi tuweke bunduki kwenye meza ya watoto. Nasema makumbusho ya kanda hii yasiyo na mahali pa kuzungumzia jambo hilo yatakuwa ya watalii, hayatakuwa yetu. Chumba kimoja, mama wawili, mmoja Mkarimojong na mmoja Mpokot, na maafande wakipenda waje bila sare.

Na kalamu je? Wenye mvi mnaijua hadithi hii kuliko mimi, na kila mzee ana namna yake ya kuisimulia. Wakati wa ukoloni, kalamu ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliochukuliwa kwenda vita vya Wazungu, wengi wasirudi. Wazee wakailaani kalamu, wakaizika ardhini, na shule ikazikwa nayo. Ikaja kufukuliwa kwa sherehe mwaka 1995. Miaka mitatu baadaye ukaanza mpango wa elimu mbadala wa Karamoja, ABEK, walimu wakawafuata watoto manyatani, chini ya miti, kwa Ng'akarimojong, alfajiri kabla ya malisho na jioni baada yake. Watu wa nje huisimulia kama kichekesho cha washamba waliozika biro. Mimi naisoma kama hukumu iliyotolewa na mahakama yenye akili timamu: walikiona chombo kilichowaibia watoto, wakakifunga. Kisha walipoona chombo hicho kinaweza kuwatumikia, wakakifungua, wao wenyewe, kwa utaratibu wao. Mtoto akiusikia mkasa huu kwa mzee aliyekuwapo, hatainuka pale akaona shule kama kitu cha kuletewa. Tuwarekodi wazee hawa. Simu mnazo, nimeziona zinawaka tangu nianze. Na mkipanda mlimani kwa Watepeth, rekodini zaidi, maana lugha yao ya Soo imebaki kwa wazee wachache sana, na hawatatusubiri tumalize vikao.

Sasa malipo. Tunamwita mzee shuleni, anazungumza saa mbili, tunampa soda na makofi. Mgeni wa semina kutoka Kampala anapewa chumba, mafuta ya gari na bahasha. Naomba halmashauri na wasimamizi wa makumbusho waweke fungu dogo la wazee: nauli ya kuja na kurudi, chakula cha mchana, na posho. Nasema posho kama wasemavyo Watanzania, fedha mkononi; msije mkampa unga wa mahindi mkasema mwalimu ndivyo alivyoagiza.

Na ninyi walimu, msinipigie simu kuniambia mnaleta watoto 200. Leteni darasa moja. Wiki moja kabla, chagueni kitu kimoja, mkawaulize watoto wana swali gani juu yake. Maswali hayo myalete kwa maandishi ili mzee anayekijua kitu hicho atafutwe. Hakuna ripoti ya kurasa mbili. Mtoto akirudi nyumbani amuulize mtu wa nyumbani kwake swali moja, alete jibu. Wazazi, msiwafukuze wakiuliza mkiwa mnakamua.

Yule mlinzi wetu amestaafu, lakini nimemwendea. Nilimwomba atuachie ekicholong chake kiwekwe kwenye meza ya makumbusho, na jina lake tukaliandike. Alinitazama kama mtu aliyeombwa aazimishe shingo. "Nikikuachia, usiku nitalalia nini?" Tukazungumza sana. Mwisho amekubali hivi: atakuja nacho kila Alhamisi asubuhi, atakaa na watoto, na jioni ataondoka nacho. Kwa hiyo nimewaomba wenzetu wa makumbusho waiache nafasi ile wazi mezani siku nyingine zote, hata wageni wakubwa wakija, na kibao wanafunzi wameshakiandika, kwa Ng'akarimojong, Kiswahili na Kiingereza: "Mwenyewe amekwenda nacho kulala. Njoo Alhamisi."